Bosi Ananiita Mwanafunzi, Mhadhiri Ananiita Mfanyakazi

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi sijashika kitu, ndugu zangu. Hayo mawili ndiyo yamenishika mimi, moja mguu, jingine shingo, na yanavutana.

Kazini nikipiga miayo, bosi anawaambia wenzangu, "Mwacheni, huyo mwanafunzi." Chuoni nikichelewa kipindi, mhadhiri ananyamaza mpaka nikae, halafu: "Karibu, bwana mfanyakazi." Siku ya kufikiria nani aongezwe mshahara, mimi ni mwanafunzi. Siku ya ada, ghafla kila mtu anakumbuka kwamba nina mshahara.

Halafu kuna hawa washauri. "Jipangie tu ratiba, utaweza." Haya, tupange. Wiki ina saa 168, hata uikamue vipi. Kazi ya kutwa, 40. Masomo: vyuo vingi huhesabu kwamba kila saa moja ya darasani inataka mbili za kujisomea, kwa hiyo mwenye vipindi vya saa 15 kwa wiki anadaiwa 45. Usingizi, madaktari wanataka mtu mzima asipungue saa 7 kwa usiku: 49. Toa zote, zinabaki 34. Hapo unajiona tajiri! Bado hujapanda gari, hujaoga, hujafua, hujasimama mlangoni kwa mhadhiri aliyesema yupo. Na hujagusa kazi ya kikundi.

Kazi ya kikundi, jamani. Majina sita, mwandishi mmoja. Mkutano unapangwa saa nane mchana, saa ambayo bosi naye huwa amekumbuka kwamba nipo. Ukiomba usogezwe jioni, kimya. Ila usiku wa manane, uko zamu, simu inaanza kutetemeka: "Wapendwa, tumefikia wapi?" Anayeuliza ndiye hajaandika hata nukta. Na kuna yule mwenye kompyuta, kazi yake kubwa ni kupanga majina kwenye jalada. La kwake analiweka juu kabisa, eti kwa alfabeti. Jina lenyewe linaanza na Z.

Nikashauriwa nijaribu Pomodoro, mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo ya miaka ya 1980: unasoma dakika 25, kengele inalia, unapumzika 5. Nampa heshima zake. Lakini kwa mtu aliyetoka zamu, zile 25 ni macho tu yanayotembea kwenye mistari. Zile 5 ndizo ninazozifanya kwa moyo wote, mpaka alfajiri, ukurasa umenigandia shavuni. Kengele ikilia nadhani ni simu ya bosi, naitikia "Nakuja!" nikiwa bado nimelala.

Sasa chuo kimebandika tangazo: kila mwanafunzi aende mafunzo kwa vitendo, wiki nane, apate uzoefu wa kazi. Mimi! Mtu ambaye uzoefu umemkaa mpaka kwenye kiuno! Nikaenda ofisini kujieleza. Dada wa dirishani akanisikiliza vizuri tu, akaniuliza kama huo uzoefu wangu una fomu. Hauna. Basi si uzoefu. Nikamwuliza kama naweza kujazia fomu hapo hapo kazini kwangu. Akasema hapana, hapo mimi ni mwajiriwa, nitajifunza nini?

Ikabidi nimfuate bosi. "Bosi, naomba ruhusa ya wiki nane."

"Unaumwa?"

"Hapana, bosi. Naenda kufanya kazi."

Akavua miwani. "Kwa nani?"

"Popote watakaponipokea. Ni ya kujifunza tu, hailipwi."

Akanitazama kwa uchungu, kama mtu aliyegundua ameibiwa miaka yote.

"Kumbe bila kulipwa unaweza? Mbona hukuniambia mapema?"