Fizikia Hailipi Jasho

Hakuna mwajiri bahili kama fizikia. Mifereji imekauka ploti nzima, lifti haijawahi kuwapo, basi mtu anajitwika mtungi wa lita 20 kutoka kioski cha maji, mita 300 za barabara tambarare, shingo imezama kifuani. Akifika getini, uliza fizikia imemwandikia kazi kiasi gani kwa huo mtungi. Sufuri! Ati kazi ni kani (yaani msukumo au mvuto) mara umbali, ila umbali wenyewe lazima uelekee kule kani inakoelekea. Wewe unausukuma mtungi juu, wenyewe unakwenda mbele. Simama nao getini nusu saa ukimsikiliza jirani analalamikia kodi: bado sufuri. Misuli inajikaza na kulegea, inateketeza chakula, na yote yanaishia kuwa joto.

Malipo yanaanzia ngazini. Kilo 20 mara 9.8, mvuto wa dunia, ni nyutoni 196, hiyo ndiyo kani. Ghorofa ya nne, kila ghorofa mita 3, ni mita 12. Zidisha: jouli 2,352, jouli ikiwa kipimo cha kazi na nishati. Usishangilie kwanza. Yuniti moja ya stima, ile unayonunulia tokeni, ni jouli milioni 3.6. Yaani upande na mtungi mara 1,531 ndipo ufikie yuniti moja! Halafu kuna mtu anaingia bafuni, anawasha hita ya wati 5,000 na kuimba dakika kumi. Hiyo ni mitungi 1,275 imekwenda mtaroni, na sauti yenyewe hana.

Chai nayo? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. (Usiilaumu githeri ikikawia.) Kila kilo ya maji hudai jouli 4,200 kwa kila digrii. Lita moja kutoka digrii 20 mpaka 95 ni jouli 315,000, sawa na kupandisha mitungi 134. Na hapo sufuria imefunikwa na hakuna joto lililopotea pembeni. Sasa mgeni akisema "niongezee kidogo", ajue anachoomba.

Na tumesahau kwamba mbebaji naye anajibeba. Mtu wa kilo 70 anapandisha jouli nyingine 8,232 za mwili wake, ambazo hakuna aliyeziagiza. Jumla 10,584. Kwa kuwa misuli hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi, safari nzima inateketeza kilokalori 10 hivi. Chapati ya kilokalori 200 inataka safari 20. Wale wa kupunguza kitambi kwa ngazi, kila la heri.

Kijana wa chumba cha juu akipanda na mtungi mbio kwa sekunde 30, na mzee akipanda na wake kwa dakika tatu akipumzika kila kona, kama uzito wao ni sawa basi kazi ni ileile. Tofauti ni nguvu, yaani kazi kwa kila sekunde: kijana wati 353, mzee 59. Nguvu ya farasi ni wati 746, kwa hiyo hata huyo kijana anayejigamba ni nusu farasi.

Ubahili huo unakungoja hata stejini. Matatu haisimami, inapunguza tu mpaka kilomita 10 kwa saa, na makanga anapiga mlango: "Shuka! Shuka!" Kilo 70 mara mita 2.8 kwa sekunde, hiyo ndiyo momenta yako, 196, na haikuachi kwa sababu umelipa nauli. Ukitua na kukaza miguu, nyayo zinabaki na kichwa kinaendelea na safari. Angalia kule gari linakokwenda, tanguliza mguu wa kushoto, kimbia hatua tatu nne ili momenta iishe polepole. Isipokuwa una trei ya mayai. Mayai hayana miguu.