Babu Alikuja na Jahazi, Nyumba Ikajengwa na Bibi

Sisi Washihiri wa Mombasa, watu wenye asili ya Kiarabu ya Hadhramaut, tukiulizwa asili, tunaanza na babu. Alitoka huko Hadhramaut, Yemen, akapanda jahazi kwenye bandari ya Shihr au Mukalla, kaskazi ikamleta huku mikono mitupu. Akabeba mizigo, akauza kahawa, mwisho akafungua duka. Bidii yetu yote, kuanzia kuamka alfajiri hadi kuogopa deni, tunamsifia yeye.

Kwa mila za duka, sina ubishi. Wengine walikimbia njaa ya huko kwao ya miaka ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia vilipokata fedha walizokuwa wakitumiwa na ndugu zao wa Java na Singapore. Aliyeipitia njaa ile hatupi kipande cha mkate jaani, na wajukuu wake nao hawatupi, ingawa hawajui kwa nini. Kijana wa ukoo bado huwekwa dukani kwa ami yake, hula na kulala hapo hapo kwa ujira mdogo, na akishaaminika hupewa bidhaa kwa mkopo afungue lake. Hakuna karatasi inayotiwa sahihi.

Lakini wengi wa wanaume hao walikuja bila wake. Walioa huku: Wabajuni, Wadigo, wanawake wa Mji wa Kale. Babu alishinda dukani mpaka usiku, na pengine alirudi kwao akakaa miaka. Watoto walilelewa na nani? Na bibi, ambaye Tarim na Seiyun, miji ya Hadhramaut, aliisikia kwa jina tu. Kiswahili chetu ni chake. Samaki wa kupaka, mahamri kwa mbaazi, sahani ya futari inayovuka njia kwenda kwa jirani, namna ya kukaa na wafiwa: vyote vyake. Babu alituachia mkate wa mofa na jina. (Mandi, yaani wali na nyama, tunajazia masinia ya harusi siku hizi. Tumeifuata mikahawani.)

Kinachoniudhi ni mambo ya posa. Anakuja kijana mwenye dini na kazi, anakataliwa eti hana asili. Anayemkataa mwenyewe ni mjukuu wa Mdigo! Ukutani kwake ametundika nasaba ndani ya fremu, majina ya wanaume watupu, vizazi na vizazi. Aliyemlea baba yake hayumo.

Kwetu nimependekeza nasaba iandikwe upya, kila mwanamume na mama yake kando. Shangazi zangu wamefurahi, na wanakumbuka majina mengi kuliko nilivyotarajia, pamoja na vijiji vya Kwale walikotoka bibi zao. Ami mmoja amekataa katakata. Anasema majina ya wanawake hayatajwi mbele za watu. Hiyo nayo ni mila ya babu, najua, ila kwa maoni yangu hiyo ingebaki Mukalla.