Modi ya kujifurahisha inataka kanuni zake yenyewe

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema modi (yaani aina za mchezo ndani ya mchezo mmoja) za kujifurahisha haziwezi kufaulu ndani ya michezo ya ushindani mtandaoni, kwa kuwa wachezaji huingia nazo na hasira zilezile za modi ya viwango, ile ambayo matokeo hukupandisha au kukushusha cheo. Sikubaliani naye. Zinazoshindwa ni zile ambazo ni mchezo uleule uliovuliwa cheo tu: ramani ileile, muda mrefu uleule, na ukitoka katikati unawaacha wenzako wanne wakihangaika. Hapo nani atatulia?

Tazameni ARAM, modi ya kujifurahisha ya League of Legends, mchezo wa timu mbili zinazopambana. Njia ya mapambano ni moja badala ya tatu, na mhusika unapewa kwa bahati nasibu, kwa hiyo lawama za "umechagua vibaya" hupungua sana. Spike Rush, modi fupi ya mchezo wa risasi wa Valorant, humalizwa na timu inayotangulia kufikisha raundi 4, wakati mechi ya kawaida inadai 13. Silaha nazo mchezo ndio unaozipanga. Fortnite, mchezo wa mapigano ambamo wachezaji hujenga kuta na ngazi za kujikinga, mwaka 2022 walizaa Zero Build, modi isiyo na ujenzi huo kabisa, na ipo hadi leo.

Mimi hucheza na mdogo wangu, ambaye hanifikii kwa uzoefu. Kwenye modi ya viwango hatuwezi hata kuingia timu moja, tofauti yetu ni kubwa mno. Hizi za pembeni ndizo zinazotukutanisha, na kila zinapoondolewa kwa kisingizio cha kupunguza foleni za wachezaji wanaosubiri mechi, huwa naumia kweli. Kabla ya kuzifuta, watengenezaji wabadilishe kwanza kanuni zake.