Hela ya luku itanitoa roho

Jamani naomba kujua nani alinichagua mimi kuwa mkusanya hela ya umeme hii nyumba, maana kikao chenyewe sikuwepo, nilienda msibani Mbagala, narudi naambiwa mzee hongera. Hongera ya nini sasa?

Nyumba ipo Buguruni, vyumba 7, mita moja. Tukakubaliana luku ya 50,000. Napiga kwenye simu, gawa kwa 7, inakuja 7,142.857142 na bado inaendelea mpaka kioo kimejaa. Nikisema kila chumba 7,100 inapungua 300, naitoa mimi, nikisema 7,150 inazidi 50, na hiyo 50 jamani ilidaiwa uwanjani wiki nzima kama mahari.

Mwezi uliofuata tukabana, 30,000. Ikaja 4,285.714285. Wa tatu hali mbaya zaidi, 20,000, ikaja 2,857.142857. Sasa kuna mama wa chumba cha 4 anauza samaki, anawachukulia Feri alfajiri, hesabu zote anazo kichwani, akachungulia kadaftari kangu: "Baba, mbona namba ni zilezile kila mwezi, unazihamishahamisha tu? Unatupiga eeh?"

Nikaangalia, ni kweli! Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Jasho likanitoka na sijaiba hata mia.

Nikamwita dogo wa chumba cha 2, yupo fomu tuu, aje anitetee. Dogo anacheka, eti anko hii 142857 ni namba maarufu, zidisha kwa 2 unapata 285714, kwa 3 unapata 428571, kwa 4 ni 571428, kwa 5 ni 714285, kwa 6 ni 857142. Yaani foleni ya ndoo bombani, ndoo ni zilezile na zimefuatana vilevile, kinachobadilika ni ipi imekaa mbele. Akasema ukigawa kwa 7 na hesabu ikawa haiishi, baki ni 1 mpaka 6 tu, zikishapita zote hakuna pa kwenda, lazima zianze upya. Mi nikajisemea kumbe namba nazo zina maisha kama yangu, tarehe 30 nipo palepale.

Wapangaji wameanza kulainika sasa, wengine wanatikisa vichwa, baba wa chumba cha 6 kashaanza kuingiza mkono mfukoni. Si dogo akanogewa bwana! "Na ukizidisha kwa 7 yenyewe, kwa idadi ya vyumba vyetu, inakuja 999,999." Watu waaa! Mi kifua mbele, nishasafishwa.

Yule mama akaweka beseni chini taratibu, akanigeukia.

"Na hiyo moja ya kutimiza milioni umeipeleka wapi, baba?"