Brenda wa Tupac kijiweni Chikongola

Juzi kijiweni Chikongola jamaa wa bodaboda kaweka "Brenda's Got a Baby", wimbo wa Tupac, rapa wa Marekani, kwenye spika, mzee mwenye duka akatoka akasema zimeni huo uhuni, ndo unaoharibu watoto wa Mtwara. Ubishi ukawaka hapo mpaka abiria wakakosa wa kuwabeba. Kilichonichekesha ni kwamba anayeutetea na anayeukataa wote maneno hawayaelewi hata robo.

Tumtendee haki mzee kwanza. 2Pacalypse Now, albamu ya kwanza ya Tupac, ilitoka Novemba 1991 akiwa na miaka 20 tu, na ni ngumu kwelikweli, matusi yamo, bunduki zimo, polisi wanachanwa mwanzo mwisho. 1992 kijana mmoja Texas alimpiga risasi askari akamuua, upande wake ukajitetea kwamba alikuwa anasikiliza hiyo kaseti kwenye gari, na makamu wa rais wa Marekani Dan Quayle naye akasema albamu kama hiyo haina nafasi kwenye jamii yao. Utetezi haukumwokoa, kijana akahukumiwa kifo. Lakini hofu ya mzee ipo palepale, maana huku kwetu lugha haipandi kwahiyo dogo anachobeba ni kitambaa kichwani, mwendo wa kuchechemea na lile tusi moja analolijua, ujumbe unabaki kwenye spika.

Hapo ndo nakubaliana nae. Kwenye suala la muziki kuleta fujo hapana. Mei 2013 fujo za gesi zilipoiwasha Mtwara hii nani alihitaji Tupac ili akasirike? Watu walikuwa wanaliona bomba la gesi yao linaenda Dar, basi. Mkulima anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, kabla ya msimu kwa vile mtoto anaumwa, hasira yake haijatoka kwenye kaseti.

Na ule ugumu haukuwa wa kuigiza. "Trapped", wimbo wa albamu hiyohiyo, ni kijana mweusi anayesumbuliwa na polisi kila kona, na mwezi mmoja tu kabla albamu haijatoka Tupac mwenyewe alikamatwa na kupigwa na polisi wa Oakland, kosa kuvuka barabara pasiporuhusiwa, akawashtaki wakaja kuyamaliza kwa kumlipa. Ukitoa matusi hapo unabaki na nini, hotuba ya mgeni rasmi?

Brenda sasa. Tupac alimpata kwenye habari ya gazeti, binti wa miaka 12 kapewa mimba na binamu yake. Kwenye wimbo anajifungulia chini bafuni, anamtupa mtoto kwenye taka, anamsikia analia anamrudia, kwao wanamfukuza, anaishia kujiuza na kuuawa. Hakuna msaada unaokuja, na kwangu huo ni udhaifu kidogo, kidonda kinafunuliwa afu kinaachwa hivyohivyo. Ila ni wimbo wa 1991, na sisi hapa mpaka Novemba 2021 ndo binti aliyejifungua akaruhusiwa kurudi shule ya serikali, kwahiyo tusijifanye Brenda ni wa Wamarekani.

Nikamtafsiria mzee mstari kwa mstari kadri ya kiingereza changu cha kuungaunga. Akanyamaza, akapanga soda zake kwenye friji, afu akauliza, "Na huyo binamu alifanywa nini?"

Nikamwambia wimbo hausemi.