Houston na Kitui: hii hewa chafu ni ya nani?

Ukikaribia mkutano wa tabianchi huanza kusambaa yale maneno kwamba "sote tumechangia" kuongezeka kwa joto la dunia. Mimi nimekulia Kitui, Kenya, na sasa naishi Houston, jimbo la Texas, Marekani, na hayo maneno siyakubali.

Marekani ina takribani asilimia 4 ya watu wa dunia, lakini hutoa karibu asilimia 13 ya hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Kenya haifiki hata asilimia 0.1. Ukigawa kwa kichwa, Mmarekani ana kama tani 14 kwa mwaka, Mkenya hafikishi nusu tani.

Si kwamba watu wa huku ni wabaya. Majirani zangu ni watu wema, ila maisha yenyewe yamepangwa hivyo. Jua la Agosti hapa linafika nyuzi 38, na bado nguo tunazikausha ndani kwa mashine, kwa sababu sheria za mtaa wetu zinakataza kamba ya nguo uani. Mashine inapasha nyumba joto, kiyoyozi kinahangaika kulitoa. Duka halipo mbali, lakini barabara haina njia ya miguu, kwa hiyo unawasha gari kufuata maziwa. Kitui mama anafua asubuhi, na kabla ya adhuhuri ameshaanua. Stima anayotumia, kama ilivyo kwa Kenya nzima, sehemu kubwa inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Texas nayo ina upepo mwingi kuliko jimbo lolote la Marekani, nalisema hilo kwa haki, ila karibu nusu ya umeme wake bado ni wa gesi.

Sisi pia tuna letu: mifugo, makaa, misitu tunayoifyeka. Tulishughulikie. Lakini si haki kuweka jiko la mama yangu kwenye mizani moja na barabara kuu za Houston.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana kwetu misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya, na wanasayansi waliochunguza ukame ule walisema joto la dunia liliuongezea uwezekano wa kutokea mara 100 hivi.

Nikiyasema haya kazini najibiwa: China je? Ni kweli, kwa mwaka China inatoa zaidi ya mara mbili ya Marekani. Lakini hewa hii hukaa angani mamia ya miaka, na ukijumlisha tangu viwanda vianze, karibu robo yote ni ya Marekani. Hakuna nchi inayoikaribia.

Sasa tazama malipo. Mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulipoanza rasmi Dubai mwaka 2023, Marekani iliahidi dola milioni 17.5, yaani kama senti 5 kwa kila raia wake. Mwaka 2025 ikajitoa hata kwenye bodi ya mfuko huo. Wakenya wenzangu mliochukua uraia huku, mnapiga kura. Mgombea akija kanisani kutuomba, tumuulize juu ya mfuko huu kabla hatujamuuliza habari za viza.