Flavanoli za kakao zimehukumiwa mapema

Tangu matokeo ya COSMOS, jaribio kubwa la Marekani kuhusu flavanoli (kemikali za asili zilizomo kwenye mbegu za kakao), yatoke mwaka 2022, wengi husema kakao imeshapimwa na haina lolote kwa moyo wa mtu mzima mwenye afya. Hukumu hiyo imetolewa haraka mno.

Wenye shaka wana hoja, tena nzito. Katika COSMOS, Wamarekani 21,442 wenye umri mkubwa, ambao hawajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, waligawanywa makundi: wengine wakameza miligramu 500 za flavanoli kila siku, wengine vidonge vitupu. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, waliopata matatizo ya moyo na mishipa walikuwa 410 kati ya waliomeza flavanoli na 456 kati ya waliomeza vidonge vitupu. Pengo hilo la asilimia 10 lingeweza kuletwa na bahati tu. Isitoshe, kampuni ya Mars, inayouza chokoleti, ilichangia gharama.

Lakini tazama vifo. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, na hapo bahati peke yake haielezi kirahisi. Najua halikuwa swali kuu la utafiti, na jibu la swali la pembeni halitoshi mpaka lirudiwe. Hata hivyo halikuchomoza hewani: epikatekini, mojawapo ya flavanoli hizo, husaidia utando wa ndani wa mishipa kutoa oksidi ya nitriki, mishipa ikatanuka. Tena, mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 kwa siku husaidia mishipa kubaki minyumbufu.

Hoja nyingine ya wenye shaka ni presha. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yenye majaribio 35 ya kakao, yalikuta imeshuka kwa wastani usiofika milimita 2 za zebaki, na kwa wenye presha ya kawaida karibu haikusogea. Hilo hutajwa kama kasoro. Kwani nani anataka presha iliyo sawa ishuke?

Chokoleti ndiyo imevuruga mjadala. Kukaanga mbegu na kutia magadi ili unga uwe mweusi na laini huondoa sehemu kubwa ya flavanoli. Ndiyo maana mwaka 2023 wadhibiti wa Marekani waliruhusu dai la faida kwa moyo, wakilieleza kuwa na ushahidi mdogo sana, kwa unga wa kakao peke yake, tena wenye angalau asilimia 4 ya flavanoli; chokoleti haimo.

Kinachohitajika ni jaribio litakaloweka vifo kuwa swali kuu na kuanza na watu wa miaka arobaini, kabla mishipa haijakakamaa.